Jumatatu za Shangazi Kistaman

Shangazi yangu Kistaman aliishi peke yake juu ya mlima miaka saba ili sisi watu mia tisa wa tambarare tuwe na mahali pa kuzaliwa. Nikisema hivyo wageni hucheka, na mimi zamani nilikuwa nacheka kuwashinda. Sasa sicheki. Mkitaka kujua kwa nini, kaeni niwaeleze, ila msinikatize. Mimi ni mwalimu, nikikatizwa nakuwa mkali.

Sisi ni watu wa Hochorib. Hochorib yenyewe iko juu kabisa, mita elfu mbili na mia moja, nyumba za mawe zimepangwa mlimani hata paa la huyu likawa ua wa yule. Watu wake ndio hawako huko. Tuko chini, kwenye nyika ya chumvi karibu na bahari ya Kaspi, safari ya siku nzima kwa gari, mahali ambapo wachungaji wetu walikuwa wakishusha kondoo wakati wa baridi na kuwapandisha tena majira ya joto. Malisho hayo tunayaita kutan. Kwanza walishuka wachungaji, wakafuata wake zao, likafuata jiko, ukafuata msikiti, ikafuata shule. Leo tuna nyumba mia moja na themanini na mbu wasiohesabika. Lakini kwenye ramani hatupo. Nafundisha jiografia, Dagestan yote naijua kama kiganja changu, na kila mwaka mtoto mmoja wa darasa la tano huniuliza, "Mwalimu, sisi tuko wapi hapa?" Naweka kidole mlimani, kwenye nukta moja ndogo. Yeye anachungulia dirishani, anaona matete na maji ya chumvi, kisha ananitazama mimi.

Kwa serikali, malisho ni malisho, mtu haishi malishoni. Kwa hiyo kwenye karatasi sote tunaishi Hochorib, chini ya wilaya ya huko mlimani, na ukitaka cheti cha ndoa au pensheni unapanda siku nzima ukakifuate. Hata shule yangu kwenye karatasi iko mlimani. Tunaletewa makaa ya nyongeza kwa ajili ya baridi kali ya milimani, nasi tunafundisha tukitokwa jasho, chini ya usawa wa bahari.

Aliyeziandika karatasi hizo zote ni shangazi Kistaman. Alikuwa katibu wa kijiji tangu mwaka 1974, akiwa na miaka ishirini na miwili, kwa daftari moja la kaya na muhuri mmoja wa duara. Mtoto akizaliwa kutan, penye mbu, yeye aliandika: amezaliwa Hochorib. Wote aliwaandika hivyo, kama nilivyoandikwa mimi kabla yake. Siku moja, nimetoka chuoni na kichwa kimenijaa, nikamwambia, "Shangazi, huu si ni uongo mtupu?" Akanijibu bila kuinua uso, "Mwanangu, mimi nimeishi na mahali pasipokuwepo. Wewe hujaishi napo. Kunywa chai."

Hilo la mahali pasipokuwepo lina historia yake. Mwaka 1944 serikali ya Moscow iliwafukuza Wachecheni wote nchini mwao, kisha ikawakusanya watu wetu kwa nguvu, ikawashusha mlimani na kuwatia kwenye nyumba za wenzao, vyungu vingali jikoni. Bibi yetu alikuwa akisema amepikia watoto miaka kumi na tatu kwenye sufuria ya mwanamke asiyemjua, na kila asubuhi akimwomba radhi. Vijiji vile vilibandikwa majina ya Kiavari, lugha yetu. Shangazi alizaliwa huko mwaka 1952. Miaka mitano baadaye wenyewe walirudi, wakachukua nyumba zao na jina lao la zamani, nasi tukarudi Hochorib. Shangazi alipandishwa mlimani juu ya punda, na cheti cha kuzaliwa mahali ambapo siku ile ile palikuwa hapapo tena.

Alitaka kuwa muuguzi. Alifaulu mtihani, akapeleka karatasi chuoni, karani akazipekua, akachungulia orodha, akamwambia, "Binti, hapa ulipozaliwa hapapo." Barua zikaanza kuzunguka kutoka ofisi hii kwenda ile. Mwaka ukaisha, wa pili ukaisha, nafasi akapewa mwingine. Alilia wiki nzima, akanawa uso, akaenda kuomba ukatibu wa kijiji. Ndiyo maana hakuna mtoto wa kutan aliyewahi kuambiwa neno kama lile. Shangazi alihakikisha.

Watu waliendelea kushuka mmoja mmoja. Kufika mwaka 2003 huko juu alibaki yeye na mzee mmoja jirani, na mzee akafariki. Hapo wilaya ikatoa kauli: kijiji kisicho na mtu wakati wa baridi kitafutwa kwenye orodha. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi karani wa zamu angepiga simu kijiji hadi kijiji. Kisichojibu Jumatatu tatu mfululizo, mtu angetumwa kukiangalia, na kikikutwa kitupu, basi. Hebu fikirieni sasa. Hochorib ikifutwa, sisi mia tisa tunasajiliwa wapi? Shule ya nani? Pensheni ya nani? Tungekuwa watu wa mahali pasipokuwepo, kama yeye.

Basi shangazi akabaki. Kila Jumatatu simu ililia, naye akajibu, "Hochorib tupo, wote wazima." Wote maana yake yeye, ng'ombe na paka. Mumewe alikwishafariki, na binti yake wa pekee, Ashura, ameolewa kwetu kutan. Sisi tulimpelekea unga, sukari na sifa. Wanaume msikitini walimwita simba jike wa mlima. "Mwacheni," tulisema, "mlima ndio maisha yake. Ukimshusha huku, atakufa." Mimi nilisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa Ashura. Binti huyu alikuwa na miaka thelathini na saba na mimba nne zilizoharibika. Mwaka 2010 ya tano ikashika. Daktari akamlaza kitandani, akamkataza hata kusogea dirishani. Mwezi wa nane wa mimba ulipoingia, ilikuwa katikati ya Novemba, nilikwenda kumjulia hali, akanishika mkono. "Dada Shuanat, namtaka mama. Nikilala nahisi kama hii nayo itatoka. Mama akiwepo haitatoka." Maneno ya kitoto, lakini nani angethubutu kumkatalia? Mlima unakaribia kufungwa na theluji, ukishafungwa hakuna kupanda wala kushuka hadi Aprili. Kesho yake alfajiri nikamwambia mumewe, Malachi, awashe gari.

Tulilala njiani, na asubuhi tukamkuta shangazi uani anapanga matofali ya samadi ya kuwashia jiko. Malachi alimsalimu kwa heshima zote. Mimi hata sikungoja chai.

"Shangazi, Ashura anakuita."

"Najua. Tunaongea kwa simu kila siku."

"Simu haimshiki mtu mkono."

Akaendelea kupanga. "Na Jumatatu ikilia nani atapokea? Ng'ombe?"

"Acha ilie! Mara moja, mara mbili..."

"Ya tatu wanakuja."

"Na waje! Mwanao mmoja tu wa tumbo lako, amepoteza wanne, huyu wa tano amefika mwezi wa nane, na wewe umeikalia simu kama kuku anayeatamia!"

Malachi akakohoa. Kwetu mtu hamsemeshi shangazi yake hivyo, hata kama nyumba inaungua. Shangazi hakukasirika. Alinipa tofali moja mkononi. "Ukimaliza kelele, nisaidie kupanga."

"Sipangi."

"Basi simama hapo uwe kigingi." Kisha akanigeukia, na sauti ikamshuka. "Shuanat, una watoto thelathini na wawili darasani. Wakienda mjini wakaulizwa wamezaliwa wapi, wasemeje? Kwenye matete?"

"Basi nitakaa mimi!" nikasema.

Wallahi sikumaanisha. Nilisema vile kwa hasira, kama mtu anavyosema basi niueni. Shangazi akaweka tofali chini.

"Umesema."

"Nimesema nini?"

"Malachi, baba, amesema au hakusema?"

"Amesema, mama," akajibu Malachi, msaliti mkubwa yule.

Nilidhani ataingia ndani kutafuta nguo, nikajua nina saa nzima ya kujitetea. Hakukawia hata dakika mbili. Begi lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa kwa kamba, na juu yake soksi ndogo za sufi za mtoto, jozi sita. Lilikuwa pale tangu lini? Siku ile sikujiuliza. Nilikuwa nimeshughulika kujihurumia.

Alinionyesha jiko, ghala la nyama kavu, muhuri kwenye kopo la chai, daftari juu ya rafu. Alinifundisha kujibu simu kama mtu anavyomfundisha kasuku. "Sema tu, Hochorib tupo, wote wazima. Fanya sauti nzito kidogo, una sauti ya kengele wewe. Anaitwa Hizri. Ni mtu mwema, lakini ni mtu wa serikali. Usiongeze neno." Tukapatana wiki mbili. Baada ya hapo Malachi angenitafutia mtu wa kunipokea, kama njia ingekuwa bado wazi. Wakaondoka. Gari likapotea kwenye kona ya mlima, nami nikabaki na nyumba sitini za mawe na ng'ombe aliyenitazama kwa dharau.

Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu saa tatu kamili simu ikalia.

"Hochorib?"

Nikaifanya sauti nzito, nikaikwaruza. "Hochorib tupo. Wote wazima."

Nikamsikia mwanaume anapuliza chai. "Theluji?"

"Inafika kisiginoni." Nikajiuma midomo, nilikuwa nimeshaongeza neno.

"Na ng'ombe, mguu wake?"

Mguu? Hakuna aliyeniambia habari za mguu. "Amepona."

"Alhamdulillahi. Maana Alhamisi ulinieleza umevimba sana."

"Ah, Alhamisi, ndiyo. Ulikuwa umevimba."

"Alhamisi," akasema taratibu, "ulipokuwa umekaa kwenye kiti hiki mbele yangu, Bibi Kistaman. Ukanywa vikombe vitatu vya chai, ukaniachia jibini."

Yarabi! Nilikaa chini kwenye sakafu, simu sikioni.

Mnaelewa alichofanya? Malachi alisimama wilayani kujaza mafuta. Ofisi iko mkabala na kituo. Mwanamke aliyekuwa anatoroka kwenye orodha ya Hizri, akavuka barabara akaenda kumpa Hizri salamu! Lakini kwetu ndivyo tulivyo. Mtu amekujulia hali miaka saba, huwezi kupita mlangoni kwake kimya kimya, ni aibu kubwa. Mwizi wa kwetu akienda kuiba atabisha hodi kwanza awaulize mmeamkaje.

"Aliingia," Hizri akaniambia, "akasema, assalamu alaikum Hizri, mimi ndiye Hochorib. Nikainuka. Miaka saba namsikia, sijawahi kumwona, nilidhani ni mwanamke mrefu. Nikafurahi, dada, nisikufiche. Halafu nikaliona begi. Kumbe kijiji kizima kimesimama mbele ya meza yangu na begi."

"Umeandika?" nikauliza kwa sauti yangu halisi.

"Kazi yangu ni kuandika."

"Umeandika nini?"

"Bado. Nangoja kujua naongea na nani."

Nikamtajia jina, Shuanat binti Dibir. Nikamsikia anafunua kurasa. Mimi nilikuwa nafikiria watoto thelathini na wawili.

"Anwani yako?"

"Hochorib, nyumba ya kumi na nne."

"Umesajiliwa hapo tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

"Sasa dada yangu, kwa nini unihangaishe na sauti ya shangazi yako? Kwenye karatasi wewe umeishi hapo miaka arobaini na sita. Umechelewa kufika tu."

Nilicheka, halafu nikajikuta nalia, pua na macho pamoja. Akaningoja. Nilipotulia akasema, na sasa ilikuwa sauti ya mtu wa serikali, "Lakini nisikilize vizuri. Mimi siandiki uongo. Nikiandika mtu mmoja yupo, awepo. Jumatatu zote mpaka theluji iyeyuke. Ukishuka, nitaandika pia kwamba umeshuka. Utakaa?"

Nilichungulia dirishani. Mlima ulikuwa mweupe mpaka chini. Nikisema sikai, nilijua litakalofuata: shangazi angepata habari, angevaa viatu, angeinuka kando ya kitanda cha mwanawe na kurudi, hata kwa miguu. Na Ashura angebaki ameukodolea macho mlango.

"Nitakaa," nikasema.

Mwalimu mkuu nilimpigia siku hiyo hiyo kuomba ruhusa. Akafikiri kidogo, akasema haina haja ya ruhusa, kwa kuwa shule kisheria iko Hochorib, na kati ya walimu wake kumi na mmoja ni mimi peke yangu niliyekuwa kituoni kwangu kazini.

Baridi ile nisiwaeleze sana. Mchana haukunisumbua, mchana una kazi: kukamua, kuchota theluji ya kuyeyusha, kufagia paa lisije likaelemewa. Jua likishazama ndipo ulipokuwa mtihani. Upepo unaingia nyumba hii unatokea ile, milango isiyo na watu inagonga, na kuna mlango mmoja upande wa juu ukigonga unasema kama mtu anayekuita kwa jina. Mimi si mwoga. Nimeachana na mume, nimelea darasa la saba. Lakini siku ya tano nililivuta sanduku kubwa la nafaka nikaliegemeza mlangoni, na nilipolivuta nikaona sakafu ina michirizi miwili tayari, imechimbika kwenye ubao kina cha kidole. Miguu ya sanduku iliingia humo humo. Nikasimama pale na taa mkononi muda mrefu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tangu hapo, kila nikifikiria maneno yetu ya simba jike wa mlima, nilisikia aibu mpaka masikioni.

Tarehe kumi na tisa Desemba, siku ya Jumapili, simu ililia mchana. Nilijua si Hizri. Niliikimbilia nikajigonga goti kwenye benchi, mpaka leo linauma.

"Shuanat." Alikuwa shangazi. "Shuanat, mwanangu, ni msichana. Kilo mbili na nusu. Analia, sikiliza." Akaipeleka simu huko, nikasikia kilio chembamba cha hasira. "Ashura mzima. Alinishika mkono tangu alfajiri, mkono wangu umevimba, tazama... ah, huwezi kuona. Amemwita Habsat. Leta daftari."

Nikaleta daftari. Nikaandika jina, tarehe, jina la baba. Nikafika penye mahali pa kuzaliwa. Mimi, mwalimu wa jiografia, niliyemwambia huu ni uongo, nikaandika Hochorib kwa mwandiko wangu mzuri kabisa na kupiga muhuri.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika, shangazi."

"Usikosee tarehe."

Wiki mbili baadaye alipiga tena. Nyumba yao ilikuwa imetulia, mtoto kalala, Ashura kalala. Aliniuliza habari za ng'ombe, za paa, za nyama. Nikajibu vizuri vizuri. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sanduku unalivuta?"

"Ninalivuta."

"Mimi pia nilikuwa nalivuta."

"Nimeona sakafu, shangazi."

"Niliogopa, Shuanat. Kila usiku. Tangu wiki ya kwanza mpaka siku mliyokuja. Nilikuwa nakaa kitandani nimevaa viatu. Ule mlango wa juu, unausikia? Nilienda mara tatu kuupigilia misumari, unang'oka. Begi nililifunga mwaka wa pili. Nilisema, akitokea mtu yeyote akasema nitakaa mimi, simpi nafasi ya kujuta. Mlikuja na unga. Mlikuja na sukari. Mnakunywa chai, mnanisifu, mnaondoka."

Mimi mwenyewe nilikwenda mara nne, na kila mara niliondoka mapema nisikutwe na giza barabarani.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia mngenishusha," akasema. "Mngenishusha kwa huruma, na kati yenu hakuna ambaye angebaki. Wewe unaijua jamaa yetu. Basi nikaona bora mniite simba."

Nilimwambia asirudi huku tena, hata kama nitazeekea kwenye sanduku lile. Akasema, "Wewe lala mwanangu, funga dirisha la jikoni, linapitisha upepo." Hakusema atarudi, na mimi nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Mei kondoo walipanda na Malachi akaja kunichukua; wachungaji wangekuwepo juu majira yote ya joto. Ijumaa ya kwanza, wanaume walipotoka kuswali, niliwasimamisha uani mwa msikiti. Mwanamke kusimama pale si kawaida, lakini wengi wao nimewafundisha kusoma, waliniogopa kidogo. Niliwaeleza yote. Michirizi ya sanduku, viatu kitandani, begi la mwaka wa pili. Niliwaambia, "Mlimwita simba ili mlale. Na mimi niliwaitikia." Wanaume wazima walitazama viatu vyao. Mmoja, fundi wa matrekta, ndevu mpaka kifuani, alifuta macho kwa kofia.

Zamani huko mlimani ng'ombe wa kijiji walichungwa kwa zamu, kila nyumba siku yake, na aliyekwepa zamu hakualikwa harusini. Walifanya hivyo hivyo. Kila baridi nyumba mbili hupanda, ili mtu asikae peke yake, na majina yamebandikwa kwenye mlango wa shule. Fundi wa matrekta alijiandika wa kwanza, na mkewe akamtukana kwanza, kisha akaanza kufuma soksi. Hizri alipewa majina yote. Aliyaandika, kwa kuwa yalikuwa ya kweli.

Shangazi anakaa kwa Ashura, chumba cha nyuma, pamoja na mtoto. Nyumba ile ina kelele toka asubuhi: jirani anapita, ndama anaingia jikoni, Habsat anapiga sahani. Ashura aliniambia kwamba mama yake alipofika mara ya kwanza alilala saa kumi na nne mfululizo, na kesho yake tena, na keshokutwa tena, hadi wakamwita daktari wakidhani anaumwa.